Kubadili kamba na vyuma vya bumu kwenye mashua ndogo ya tanga

Mashua nyingi ndogo za tanga huuzwa zikiwa na vyuma vya kuziwezesha kwenda tu, basi. Demani, yaani kamba ya kuvutia na kulegezea bumu, inapita kwenye makapi (puli za kamba) mawili, bumu limeunganishwa na mlingoti kwa bawaba nyembamba, na cha kulizuia bumu lisipae ni kipande cha kamba kilichofungwa fundo lolote. Kwa upepo wa noti (maili za baharini kwa saa) 7 au 8 hutaona kasoro. Ukifika noti 15 ndipo viganja vinapobabuka, ncha ya bumu inanyanyuka, tanga linajinyonga kwa juu, na kupunguza tanga kunamtaka mtu aache usukani aende kuukumbatia mlingoti.

Maelezo haya yanahusu mashua ya mita 4 hadi 7 yenye mlingoti na bumu vya alumini na tanga kuu la pembetatu. Bumu ni ule mti wa mlalo unaoshika ukingo wa chini wa tanga. Vangi ni kamba inayotoka chini ya bumu, karibu na mlingoti, ikateremka hadi kitako cha mlingoti. Kazi yake ni kulivuta bumu chini. Kliti ni kishikizo kinachouma kamba isirudi. Nyingine nitazieleza zikifika.

Jambo linaloongoza kazi yote ni hili: drili huja mwisho. Karibu kila badiliko la bumu unaweza kulijaribu kwa vitanzi vya kamba kwa safari kadhaa kabla hujatoboa tundu la kwanza. Kitanzi unakisogeza kwa dakika moja, tundu la alumini halirudi. Wanaoanza na drili huishia na bumu lenye matundu ya wazo la kwanza, la pili na la tatu, na bumu la namna hiyo likikatika hukatikia hapo hapo penye matundu.

1. Itazame mashua ikiwa kazini

Chagua siku ya upepo wa wastani, mpe mtu mwingine usukani, wewe kaa utazame. Mkibisha, yaani mkienda kuelekea upepo unakotoka, angalia ukivuta demani kinachotokea ni nini: je, ukingo wa nyuma wa tanga unakaza, au bumu linakuja katikati tu huku ncha yake ikibaki juu? Upepo ukiwa nyuma, ncha inapaa kiasi gani? Kapi lipi linalala upande badala ya kuikabili kamba? Kamba ipi inasugua ukingo wa chuma? Kliti ipi huifikii bila kuinuka ulipokaa? Andika kila kimoja, kwa sababu ukishafika nchi kavu utakumbuka kile kilichokuudhi zaidi na kusahau vingine.

Ukirudi, chukua futi. Pima urefu wa bumu, umbali kutoka bawaba hadi kila chuma, kipenyo cha kila kamba, na kama kuna mahali pa wazi, unene wa ukuta wa bumu. Kwenye mashua za kimo hiki ukuta mara nyingi ni kama milimita 2, na namba hiyo ndogo itaamua mengi huko mbele. Piga picha kila chuma kabla ya kukifungua.

Halafu kagua kilichopo. Riveti iliyoanza kulegea hujitangaza yenyewe: kichwa chake huzungukwa na pete ya unga wa kijivu au mweusi, na michirizi yake huteremka kama wino. Unga huo ni alumini inayosagika kila bumu linapotikisika. Ushike mkono wa bawaba uuzungushe. Ukicheza juu na chini zaidi ya milimita moja au mbili, tundu limekuwa yai. Hapana faida ya kuongeza nguvu ya vangi juu ya bawaba ya namna hiyo. Anza na bawaba.

2. Jua mzigo unakwenda wapi

Watu wengi huiruka hatua hii, nami naona ndiyo yenye faida kuliko zote. Chukua bumu la mita 2.4. Tuseme ili ukingo wa nyuma wa tanga ukae sawa, ncha ya bumu inahitaji kuvutwa chini kwa nguvu ya kilo 40. Demani iliyofungwa kwenye ncha inabeba kilo hizo 40 na hadithi imeisha.

Vangi haiko kwenye ncha. Iko, mathalani, sentimita 60 kutoka mlingotini, yaani robo ya bumu. Hapo kilo 40 za ncha zinageuka kuwa 160 za kwenda chini. Tena vangi haishuki wima bali imelala kwa nyuzi 45 hivi, kwa hiyo kamba yenyewe inabeba karibu kilo 226. Na kwa kuwa imelala, inalisukuma bumu mbele dhidi ya mlingoti kwa kilo 160 nyingine, ambazo zote zinapokelewa na bawaba. Upepo ukiongezeka, namba hizi zote hupanda pamoja.

Ukiielewa hesabu hiyo, unaelewa kwa nini bawaba za mashua ndogo hufa mapema, kwa nini bumu hukatikia penye vangi, na kwa nini kapi dogo la bei ya chini linalotosha kwenye demani hupasuka likihamishiwa kwenye vangi. Mabadiliko mengine yote yapimie hapo. Ukiisogeza vangi nyuma kwa sentimita 15 unapunguza mzigo, lakini kamba inalala zaidi na inaanza kuwagonga magoti walioko ndani. Hapo unachagua mwenyewe.

Kuna kanuni mbili za kubeba kichwani. Ya kwanza: nguvu ya mfumo wa makapi ni idadi ya kamba zinazotoka kwenye kapi linalosogea; zikiwa nne, ni 4 kwa 1, ukitoa msuguano. Kapi la kawaida lisilo na gololi hula karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mzunguko, lenye gololi karibu nusu yake. Ya pili: kapi linaloirudisha kamba ilikotoka hubeba mara mbili ya mvuto wa kamba, na linaloikunja kwa pembe mraba hubeba mara 1.4. Kwa hiyo usichague chuma cha kulishikia kapi kwa kutazama kamba peke yake.

3. Fanya jaribio la kamba

Vitanzi vya jaribio vitengeneze kwa kamba ya Dyneema (uzi wa sintetiki wenye nguvu sana) ya milimita 4 au 5, au kwa mkanda wa nailoni ulioshonwa. Kama ukingo wa chini wa tanga lako umeachwa huru na kushikwa pembeni tu, kitanzi kinalizunguka bumu zima bila shida. Kama umeingizwa kwenye mfereji wa bumu, itabidi utoe tanga nje ya mfereji na kulifunga pembe mbili tu kwa muda wa jaribio. Mashua nyingi hukubali, na wengine baada ya hapo hawarudi tena kwenye mfereji.

Chini ya kitanzi zungusha tepu ya umeme mara tatu nne ili kisiteleze na kisichubue. Kitanzi cha vangi kitataka kukimbilia mbele, basi kiunge kwa kamba nyembamba hadi kwenye chuma cha ncha ya bumu. Kining'inizie kapi, pitisha kamba, ingia baharini. Ukiona mkono unafika, bumu linatulia na kamba haisugui kitu, weka alama kwa kalamu ya maka. Usipoona hivyo, sogeza kitanzi sentimita 10 ujaribu tena.

Sitashangaa ukiamua kubaki na vitanzi moja kwa moja. Kitanzi cha Dyneema kilichosukwa vizuri hakina kutu, hakipigi kelele, na kina nguvu kuliko pingu ya chuma (shakeli) ya ukubwa wa kawaida. Adui zake ni jua, msuguano na joto. Uzi huo huanza kuyeyuka karibu nyuzi 145 za Selsiasi, hivyo usiuache ukisuguana na kamba nyingine inayokwenda mbio.

4. Vangi

Kwa mfano wetu wa kilo 226, vangi ya 4 kwa 1 inakutaka uvute kilo 57 ukiacha msuguano. Mtu aliyekaa ubavuni huku mashua imelala hawezi. Badala ya kununua makapi makubwa zaidi, panga mifumo miwili, mmoja ukivuta mwingine.

Funga ncha moja ya kamba ya Dyneema ya milimita 5 kwenye kitako cha mlingoti. Ipandishe, uipitishe kwenye kapi moja lililoshikwa chini ya bumu, uiteremshe nusu ya njia. Kwenye ncha hiyo inayoning'inia funga kapi la juu la mfumo wa 4 kwa 1, na lile la chini, lenye kliti ya meno, lishikize kitakoni. Mfumo wa kwanza ni 2 kwa 1, wa pili 4 kwa 1, jumla 8 kwa 1. Sasa unavuta kilo 28 kwenye karatasi, labda 35 kwa kweli. Mfumo wa 4 kwa 1 unabeba nusu tu ya mzigo, kwa hiyo makapi madogo yanatosha. Kapi la bumuni na chuma cha kitakoni ndivyo bado vinabeba zote 226, na hapo usibane matumizi.

Gharama yake ni urefu: kila sentimita 5 bumu linapovutwa, mkono unavuta 40. Hakikisha vangi ikilegezwa mpaka mwisho kapi la kati haligongi la bumuni, na ikikazwa mpaka mwisho halijakutana na la kitakoni.

Kliti ya vangi lazima ifunguke kwa mkupuo mmoja kutoka unapokaa. Mashua ikilala upepo ukiwa ubavuni au nyuma na ncha ya bumu ikachota maji, demani haitaweza kutoka tena, na vangi ndiyo kamba pekee inayoweza kuiokoa hali. Jaribu kuifungua ukiwa umekaa, kamba ikiwa imekaza, kwa mkono ulio dhaifu. Kliti nyingi za meno hufungwa zikiwa zimeinama vibaya, kamba ikivutwa kwenda juu inang'ang'ania. Pembe yake hurekebishwa kwa kuweka kabari ya plastiki chini yake.

5. Demani

Swali ni moja: demani ishike ncha ya bumu au katikati? Ikishika ncha, mzigo ni mdogo na bumu halipindi, ila kamba inapita juu ya vichwa vya waliokaa tezini, yaani nyuma ya mashua. Ikishika katikati, nafasi ya kukaa inasafishika, lakini mzigo unaongezeka mara mbili na bumu lililoundwa kwa kuvutwa kwenye ncha linaanza kupinda. Ukitaka kuhamia katikati kwa bumu jembamba, gawa mzigo: vitanzi viwili au vitatu kwa nafasi ya sentimita 25 hivi, kila kimoja na kapi lake.

Kwa tanga la mita za mraba 8 hadi 12 linalovutwa kwenye ncha, 4 kwa 1 huwatosha wengi, na katikati tafuta 6 kwa 1. Kamba yenyewe isichaguliwe kwa nguvu. Polista ya milimita 5 ingeweza kubeba demani yoyote ya mashua hizi, ila mkono hauwezi kuishika. Ndiyo sababu tunatumia milimita 8 hadi 10. Angalia pia kwamba roda ya kapi, yaani gurudumu lake, ina kipenyo kisichopungua mara 6 hadi 8 ya unene wa kamba, la sivyo kamba hujikunja kwa nguvu na kuota manyoya.

Urefu upate hivi: sukuma bumu nje mpaka liguse waya wa ubavuni unaoushikilia mlingoti, pima kutoka kapi la chini hadi la bumuni, zidisha kwa 4 au kwa nguvu uliyochagua, ongeza mita 2. Funga fundo la umbo la nane kwenye ncha ya mwisho.

6. Kamba ya kupunguza tanga

Lengo ni kupunguza tanga bila mtu kusimama juu ya sitaha. Kinachohitajika ni kapi moja la ubavuni mwa bumu, kliti moja, na kamba ya milimita 6 au 7. Kamba inaanzia upande mmoja wa bumu, inapanda hadi jicho la kupunguzia lililo kwenye ukingo wa nyuma wa tanga, inashuka upande wa pili kwenye kapi, kisha inakwenda mbele kufuata bumu hadi kwenye kliti.

Mahali pa kapi ndipo watu wanapokosea. Likiwekwa chini ya jicho hasa, kamba inavuta chini peke yake, ukingo wa chini wa tanga unabaki na mfuko, na tanga lililopunguzwa linakuwa na tumbo kuliko lilipokuwa zima, wakati unachotaka kwenye upepo mkali ni tanga bapa. Likiwekwa nyuma sana, kamba inavuta nyuma na jicho linabaki likielea juu. Tweka tanga mashua ikiwa imefungwa na kumetulia, lipunguze kwa mkono, shusha jicho mpaka libaki kama sentimita 10 juu ya bumu, kisha weka alama chini yake. Kapi liende nyuma ya alama kwa sentimita hizo hizo 10. Hapo kamba inalala nyuzi 45, ikivuta chini na nyuma kwa nguvu sawa. Kitanzi cha upande wa pili kikae mkabala na kapi.

Kwa pembe ya mbele, ndoano iliyofungwa penye bawaba ni rahisi na haikwami. Kuna mifumo inayovuta pembe zote mbili kwa kamba moja. Kwenye mashua ndogo naiona ina msuguano mwingi kuliko faida yake.

Bumu linahitaji kamba ya kulining'iniza kutoka kileleni mwa mlingoti hadi ncha yake, maana henza, yaani kamba ya kutweka tanga, ikilegezwa bumu huanguka juu ya walioko tezini. Mpangilio wa kazi ni huu: legeza demani na vangi, shika ncha kwa kamba ya kuning'iniza, teremsha henza hadi alama, tia ndoano, kaza henza tena, ndipo uvute kamba ya nyuma. Alama ya henza ishone kwa uzi wenye nta, rangi tofauti. Ya kalamu hufutika. Vangi ikisahaulika imekaza, utavuta kamba ya nyuma hadi uchoke na jicho halitashuka.

Kamba ya kunyoosha ukingo wa chini na ile ya kuvuta ukingo wa mbele kwenda chini hazina mengi. 3 au 4 kwa 1 kwa ya kwanza, 3 kwa 1 kwa ya pili, kamba ya milimita 4 au 5, na kliti zake pale mkono unapofika.

7. Sasa drili

Alama zikishatulia, toa bumu mashuani ulilaze juu ya viti viwili vyenye nguo. Kamba zinazopita ndani ya bumu zitoe au zivute mbali na unapotoboa. Usitoboe matundu mengi kwenye mstari mmoja unaolizunguka bumu. Yapishanishe kwa sentimita kadhaa, hasa karibu na vangi, ambapo bumu linapindwa kuliko kwingine.

Riveti au parafujo? Rudi kwenye ukuta wa milimita 2. Bolti ya milimita 5 ina nyuzi zenye nafasi ya milimita 0.8, kwa hiyo kwenye ukuta huo inashikwa na mizunguko miwili na nusu tu. Inatosha kwa kliti ndogo inayovutwa kando, haitoshi kwa kitu kinachong'olewa moja kwa moja kutoka ukutani. Kwa makapi na vyuma vya vangi tumia riveti za moneli za milimita 4.8. Moneli ni aloi ya nikeli na shaba, ina nguvu kuliko alumini na haigombani nayo sana kama inavyofanya stenlesi. Riveti za alumini waachie wenye vibao vya majina. Tena upange chuma kiasi kwamba mzigo unazikata riveti kwa kando badala ya kuzivuta zitoke. Tandiko la vangi linaloukumbatia mgongo wa chini wa bumu na kupanda pande zote mbili hufanya hivyo lenyewe.

Piga alama kwa senta panchi ili biti isiteleze. Anza na biti ya milimita 2.5 au 3, kisha 4.9 kwa riveti ya 4.8. Ukikata nyuzi za bolti ya milimita 5, tundu ni 4.2, kwa bolti ya 6, tundu ni 5. Zungusha polepole na utie tone la mafuta. Ukingo wa tundu, nje na ndani unakofikia, ulainishe kwa biti kubwa inayozungushwa kwa mkono, kwa kuwa ufa huanzia kwenye ukingo mkali. Toboa tundu moja, tia riveti bila kuibana, ndipo utoboe la pili kupitia kwenye chuma chenyewe. Ukiyapima yote manne kwa futi na kuyatoboa pamoja, moja litakosa kukutana.

Stenlesi juu ya alumini, maji ya chumvi kati yake: alumini ndiyo inayoliwa. Kinga ni kuvitenganisha. Kata kipande cha plastiki nyembamba cha umbo la chuma, kiweke chini yake, na kila riveti au parafujo ichovye kwenye pasti ya kuzuia kutu ya metali mbili, Duralac au Tef-Gel. Bila pasti, parafujo ya stenlesi hugandana na alumini baada ya misimu michache hata ukiikata kichwa haitoki. Rangi ya bumu ikianza kuvimba malengelenge kuzunguka chuma, uliwaji umeshaanza chini yake.

Riveti za moneli zinataka bunduki yenye mikono mirefu. Ile ndogo ya mkono mmoja itakutoa jasho. Ikishabana, kipande cha msumari kinachobaki katikati kigonge kitoke kama ni cha chuma cha kawaida, kisije kikaota kutu humo. Bumu lisimamishe wima na ukung'ute vipande vyote, la sivyo utavisikia vikikimbizana ndani kila mnapogeuza.

8. Nyaya za mlingoti

Ukiongeza vangi yenye nguvu na kuhamisha demani, mlingoti nao unasukumwa tofauti, kwa hiyo nyaya zikaguliwe. Kabla ya kuulaza au kuusimamisha mlingoti, tazama juu. Mlingoti wa alumini ukigusa waya wa umeme huua, na waya huo huwa karibu kuliko unavyodhani penye njia za kuteremshia mashua.

Nyaya za kuushikilia ziwe za nyuzi 19 ngumu, zile zisizopindika kirahisi, za stenlesi ya daraja la 316. Waya wa namna hiyo wa milimita 3 hukatika kwenye kilo 700 hivi. Pitisha kipande cha pamba juu ya kila waya kuanzia chini. Kikinasa, kuna uzi uliokatika, na waya wenye uzi mmoja uliokatika haurekebishwi, unabadilishwa.

Mlingoti usimame katikati kwanza: tweka futi kwa henza, pima hadi chuma cha ubavu wa kulia na cha kushoto, urekebishe hadi zilingane. Kisha mkazo. Huhitaji kipimo cha kununua. Kaza waya kwa mkono mpaka unyooke tu. Chukua ubao mwembamba wa mita 2, ufunge ncha yake ya juu kwenye waya kwa tepu, na ncha ya chini iache huru huku ukiweka alama kwenye waya mkabala nayo. Anza kukaza, ukibadilishana upande na upande ili mlingoti usiiname. Waya wa nyuzi 19 ukirefuka milimita 1 kwenye mita 2, umebeba asilimia 5 ya nguvu yake ya kukatika. Milimita 3 ni asilimia 15. Kwa mashua yenye mkuku (uti mzito wa chini), asilimia 10 hadi 20 kwa nyaya kuu za ubavuni ni kiasi cha kawaida, isipokuwa mtengenezaji ametaja namba yake. Mashua nyepesi isiyo na mkuku haivumilii hivyo, ubavu wake utaanza kujikunja kabla ya hapo.

Ukiwa majini, bisheni kwa upepo wa noti 12 hivi. Waya ulio upande usiopigwa na upepo uruhusiwe kulegea kidogo, ila usining'inie ukipepea. Lala chini ya mlingoti utazame mfereji wa tanga kwenda juu. Ukiona kilele kinakwenda upande mmoja mkibisha kulia na upande mwingine mkibisha kushoto, kaza. Ukimaliza, kila kikaza waya kipigwe pini na miguu yake ipanuliwe kidogo tu, nyuzi 20 hivi, ili itoke bila koleo siku ukihitaji. Funika kwa tepu, isije ikachana tanga au mguu wa mtu.

9. Safari ya kwanza

Mashua ikiwa bado imefungwa, tweka tanga, kaza vangi hadi mwisho, ning'iniza uzito wa mtu mmoja kwenye ncha ya bumu na usikilize. Mlio wa tik kila anapotikisika ni riveti isiyobana au bawaba. Punguza tanga mara mbili tatu, mara moja ukiwa umefumba macho. Wakalishe wenzako wanapokaa kwa kawaida na upitishe bumu juu yao polepole. Vangi mpya hulishusha bumu kuliko walivyozoea.

Toka kwa upepo mdogo, rudi, kaza upya kila kikaza waya na kila parafujo, maana waya mpya hujinyoosha na mafundo hujibana. Kamba zote ziache zikiwa ndefu kuliko inavyotakiwa hadi hapo. Ukiwa na hakika kliti zote ziko mahali pake, ndipo ukate mikia: zungusha tepu, kata katikati ya tepu kwa kisu chenye moto kama ni polista. Dyneema haishikani vizuri kwa moto, hiyo ncha yake ishone kwa uzi wenye nta.